Moto wa Hodi na Moto wa Karibu

Fundi hakupokea kiko cha mtu kwa kukishika kichwa. Mteja akimnyooshea, alingoja mpaka kigeuzwe, mrija uelekee kwake, ndipo akipokee kwa vidole viwili kama mtu anayepokea kisu kwa mpini. Nilimwona siku moja akimwacha mwalimu mstaafu amenyoosha mkono mbele ya meza mpaka mwalimu akachoka.

"Sasa Fundi, unakitaka au hukitaki?"

"Nakitaka, Mwalimu. Ila kina moto bado, na wewe umekikumbatia kama kuku wa sikukuu. Mwakani alama za vidole vyako zitatokea hapo ubavuni, halafu utasema ni mimi."

Mwalimu alikitazama kiko chake, akakigeuza. Fundi akakipokea, akasema "Asante" kwa upole kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Huyo ndiye ninayetaka kumweleza, kwa sababu wengi wanaomkumbuka wanamkumbuka nusu. Wanasema alikuwa mkali. Alikuwa mkali, lakini ukali ulikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Alikuwa fundi wa viko mjini Arusha, na katika miaka niliyomfahamu sikusikia mwingine wa aina yake. Zamani mji huu ulikuwa na kiwanda cha viko, kilichotumia jiwe jeupe linalochimbwa kaskazini, upande wa Sinya. Kilipofungwa, wenzake waligawanyika, huyu akawa dereva, yule akarudi kwenye kahawa. Yeye alibeba patasi zake, akapanga chumba Kaloleni, akaweka meza dirishani. Mimi nilikuwa msoma mita za maji, na mita ya nyumba hiyo ilikuwa chini ya meza yake. Kila mwezi nilipiga magoti miguuni pake. Mwezi wa kwanza niliuliza swali moja. Nilirudi kwa miaka kumi na tisa.

Alikuwa na sentensi ambayo kila mteja aliondoka nayo: "Kiko changu hakina kiraka." Jina lake lote lilisimama juu ya hiyo. Nilichelewa sana kujua kwamba kulikuwa na kiko kimoja kinachoweza kuiangusha, na kwamba muda wote huo Fundi alijua kimo mikononi mwa nani.

Nianze na jiwe, maana yeye mwenyewe alianza na jiwe.

Likitoka ardhini lina unyevu na tope, linafanana na kipande cha muhogo uliosahaulika. Fundi aliliosha, akalilaza majini, na likishakunywa maji lilikuwa laini kama sabuni ya mche. Hapo ndipo alipolichonga. Likikauka huwa jepesi kuliko macho yanavyotegemea. Mtu akishika kwa mara ya kwanza mkono wake hupanda juu kidogo. Ukiligusa kwa ulimi, linanata. Fundi aliwapa wageni kipande wajaribu, na nadhani alifurahia kuwaona watu wazima wenye tai wakilamba jiwe dirishani Kaloleni.

Mabaki aliyahifadhi ndani ya ndoo. Mpangaji wa chumba cha pili, mama kijana aliyekuwa mjamzito, aliyagundua akadhani ni pemba, ule udongo wanaoutafuna wajawazito. Alikula kwa siku mbili kabla Fundi hajamwona.

"Mama, hicho unachotafuna ni shingo ya kiko."

"Mbona kitamu?"

"Ni kitamu kwa sababu hakijapikwa kwa nta. Ukisubiri nikipike utalia." Kisha akaenda sokoni, akarudi na fungu la pemba halisi, akamwekea mlangoni.

Nta ndiyo siri ya jiwe hilo. Kichwa kikishakauka na kusuguliwa mpaka kinang'aa, Fundi alikichovya katika nta ya nyuki iliyoyeyuka. Nta inaingia ndani. Halafu mtu akianza kuvuta, joto la tumbaku linaivuta nta na mafuta ya moshi kuelekea nje, na jiwe jeupe linaanza kubadilika. Mwaka wa kwanza huwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa majani kidogo. Miaka mitano baadaye ni chai ya rangi. Miaka ishirini, kahawa iliyokaangwa. Fundi hakusema kiko kimechakaa, wala kimebadilika rangi. Alisema kimeiva. Na hakuna njia ya mkato. Aliwahi kuletewa kiko kilichopakwa rangi ya viatu, akakinusa, akakirudisha kwa mwenyewe na kumwambia akakivae.

Siri ya pili ya jiwe hilo ni ile anayoifahamu fundi wa viko peke yake. Mara nyingine ndani ya jiwe kuna tundu dogo kama tobo la sindano, lisiloonekana mpaka siku ya mwisho ya kusugua. Kazi ya wiki nzima, kisha tundu. Unaweza kulijaza kwa unga wa jiwe hilo hilo uliokandwa na ute wa yai. Likikauka, hata aliyelijaza halioni tena. Lakini kiraka hakinywi nta kama jiwe linavyokunywa. Kiko kitaiva, kiraka hakitaiva. Mwaka wa tatu au wa nne, katikati ya rangi ya chai, nukta nyeupe itatokea, na hapo haifutiki.

"Kwa hiyo unafanya nini ukikuta tundu?" nilimuuliza.

Alichukua nyundo ndogo iliyoning'inia ukutani, akaniwekea mkononi nione uzito wake, akairudisha.

Sasa maneno. Kiwandani kila kitu kilikuwa na jina la Kiingereza, na mafundi waliyatamka kila mtu kwa namna yake. Fundi aliona aibu, akasema mtu hawezi kuchonga kitu asichoweza kukiita. Akaunda majina yake, na mimi, ambaye sikuvuka darasa la saba na elimu yangu nyingine niliiokota mwenyewe kwenye vitabu vikuukuu, nikayaandika. Sehemu inayowekwa tumbaku ni kichwa, na shimo lake ni tumbo. Kinachofuata ni shingo, kisha mrija, na pale meno yanaposhika ni ulimi. Tundu linalopita ndani ni njia ya moshi. Tumbaku isiyoungua inayobaki chini, yenye unyevu na harufu mbaya, aliiita makombo. Kijiti cha kukandamizia ni kishindilio. Mtu akisema "paipu" dirishani pake, aliambiwa fundi bomba yuko mtaa wa pili.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Neno liliingia kwenye daftari kwa penseli. Fundi akilisema vile vile mara tatu, kwa siku tofauti, bila mimi kumkumbusha, ndipo nililitia wino. Alijua utaratibu huo na aliuheshimu, ingawa aliutania. "Msoma Mita," aliniita hivyo mpaka mwisho, "leo unanisoma kwa penseli au kwa kalamu?"

Nilikuwa na maneno arobaini na mawili ya wino. Namba arobaini na tatu ilikuwa mstari mtupu. Nilikuwa nimemuuliza ile nukta isiyoiva inaitwaje, akasema, "Hiyo acha." Nikaacha mstari. Mimi siruki namba.

Katika maneno yote, ninayoyapenda zaidi ni ya kuwasha. Kiko hakiwashwi mara moja. Unajaza tumbo kwa mikupuo mitatu: wa kwanza unauachia tu kama mbegu za mchicha, wa pili unaukandamiza kama udongo kwenye mguu wa mche wa kahawa, wa tatu unaufunika kama sufuria ya ndizi, ukaze lakini upumue. Kisha unapitisha kibiriti juu kwa kuzunguka. Tumbaku inafumuka, inanyanyuka, moto unakufa. Huo ni moto wa hodi. Unashindilia taratibu, unawasha tena, na safari hii unakaa. Huo ni moto wa karibu. "Asiyebisha hodi," alisema Fundi, "ataungua ulimi, na ni haki yake."

Mtu akisoma hivi atadhani alikuwa mvutaji mkubwa. Hapana. Alivuta kiko kimoja Jumamosi mchana, baada ya mazoezi ya kwaya, ambako aliimba besi, na alivuta kwa uso wa mtu anayekagua. Kijana akija kutaka kiko alimfukuza. Kwa masikio yangu nilimsikia akimwambia mmoja, "Mwanangu, hii inaua. Inaua taratibu, lakini inaua. Rudi ukiwa na mvi, tutazungumza." Mchungaji wake alimuuliza anawezaje kuchonga kitu anachowakataza watu. Alijibu kwamba seremala huchonga majeneza na hamtakii mtu kifo. Sikuona kama jibu hilo linatosha, na nilimwambia. Akasema, "Halitoshi. Lakini ndilo nililonalo." Nilimheshimu zaidi kwa hilo kuliko kama angekuwa na jibu zuri.

Tumbaku yake aliilima mwenyewe, mistari minne tu, shambani kwake juu kwenye miteremko ya Meru, kati ya migomba. Alinipeleka huko mara nyingi. Ningependa kueleza alivyoikausha, kwa sababu watu hudhani jani huanikwa tu kama matembele.

Kuna njia ya jua, alisema, ambayo ni ya haraka na inafanya jani lenye utamu mwepesi. Kuna njia ya hewa, ambapo majani yanatundikwa kivulini, kwenye banda lisilo na ukuta mzima, kwa wiki kadhaa. Kuna ile ya Tabora, yenye mabani, yaani mabanda ya matofali ya kukaushia: moto unakaa nje, joto linapita ndani kwa mabomba, na jani linakauka bila kuonja moshi. Na kuna njia ya moshi wenyewe. Yeye alichanganya njia mbili za maskini, kama alivyoziita: hewa kwanza, moshi baadaye.

Jani likichumwa, lazima kwanza ligeuke manjano likiwa bado hai. Hapo ndipo watu wanapokosea, wanalikausha kwa pupa, rangi ya kijani inafungiwa ndani, na tumbaku hiyo inauma ulimi daima. "Jani lililokauka haraka limekufa tu," alisema. "Lililokauka taratibu limeiva." Kule mlimani ukungu hushuka mchana, na banda lake lilikuwa na mapazia ya magunia aliyoyafungua na kuyafunga kulingana na hewa. Alivunja uti wa katikati wa jani karibu na sikio. Ukivunjika kwa sauti, limekauka. Ukipinda, rudisha.

Baada ya hapo aliyahamishia jikoni, darini juu ya mafiga, akawasha moto mdogo wa oloirien. Huo ni mzeituni wa porini, mti ambao akina mama wa Kiarusha hufukizia vibuyu vya maziwa. Hakutumia kuni nyingine. Mwisho aliyarundika majani, akayafunika kwa magome ya migomba na jiwe juu, yakatoa joto yenyewe. Kila asubuhi alitia mkono katikati ya rundo, kama mama anayepima homa, akayageuza ya ndani yakawa nje. Tumbaku ikitoka hapo ilikuwa nyeusi, laini, na ilinukia maziwa ya kibuyu na ngozi ya kiti cha zamani. Mimi sivuti, sijawahi kuvuta. Lakini nilikuwa nikifungua kopo lake na kunusa, na sioni haya kulisema.

Kuna kisa kimoja ambacho wakati kinatokea sikukielewa. Alikuja mteja kutoka Olasiti, mtu mzima, amekasirika. Kiko chake alikuwa amekivuta miaka sita, kimeiva vizuri sana, rangi sawasawa toka kitako hadi shingo. Nilidhani amekuja kushukuru.

"Fundi, mbona changu hakina alama?"

"Alama gani?"

"Alama yako. Ile nyeupe. Watu wanasema kisicho na alama si chako."

Fundi aliweka patasi chini. "Nani amekuambia viko vyangu vina alama?"

"Kule kwetu kila mtu anajua."

"Basi kila mtu hajui. Chukua kiko chako, nenda."

Mteja alitazama huku na huku, akaniangalia mimi niliyekuwa nimepiga magoti na tochi mdomoni, akaondoka. Fundi alifunga dirisha. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nilidhani amechukizwa na upuuzi. Kitu kingine nilikiona lakini sikukiunganisha: Fundi, aliyekwenda kila mahali kutafuta nta na oloirien, hakukanyaga Olasiti. Kama safari ilipita huko, aliahirisha.

Miaka ilikwenda. Mikono ikaanza kumtetemeka. Daktari alimsikiliza mapafu, akamwambia aache hata kile kiko cha Jumamosi, naye akaacha siku ile ile. Binti yake akamhamishia kwake Engutoto, meza ya Kaloleni ikauzwa, patasi zikawekwa kwenye boksi. Mimi nami nilihamishiwa eneo jingine la mita, na eneo hilo likawa Olasiti.

Mwezi wangu wa pili huko niliingia boma la mzee mmoja mfugaji, mrefu, mkongwe, amekaa kwenye kigoda na shuka lake, anavuta kiko. Nilikitambua kabla sijafika. Mkono wa Fundi nilikuwa nauona mbali, kama mtu anavyotambua mwandiko. Kilikuwa cheusi kwa uzuri, kahawa kabisa, na pale kichwa kinapokutana na shingo kulikuwa na nukta nyeupe, kubwa kama punje ya mtama.

Nilifurahi. Naomba nieleweke: nilifurahi kama mtu aliyepata neno lililopotea. Jumapili nilikwenda Engutoto na daftari.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Msoma Mita. Leo penseli au kalamu?"

Nikamweleza nilichokiona, mahali, ukubwa, rangi.  Aliweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Bado anacho," alisema.

Ndipo aliponiambia. Mwaka wa kwanza baada ya kiwanda kufungwa, alipokuwa bado hana jina, mzee yule, wakati huo akiwa mtu wa makamo, alimletea jiwe. Alikuwa amelichukua mwenyewe kaskazini alikopeleka ng'ombe wakati wa ukame, akatembea nalo mpaka mjini. Siku ya kukichukua kiko alifika mapema, akakaa nje kwenye benchi. Ndani, Fundi alikuwa anasugua kwa mara ya mwisho, na tundu likatokea.

"Nyundo ilikuwa ukutani pale pale. Lakini jiwe lilikuwa lake, halikuwa langu. Nikivunja, nimevunja cha mtu. Nikimwambia, fundi mpya Kaloleni kazi yake ya kwanza ina tundu. Nikaomba yai kwa jirani." Alitazama mikono yake. "Akakisifu. Akawaleta ndugu zake. Wateja wangu wote wa mwanzo walitoka kwake. Kila nikisema kiko changu hakina kiraka, nilikuwa nasimama juu ya kile."

"Na hakurudi kulalamika?"

"Hakurudi. Miaka yote nimemngoja dirishani."

Ningeweza kumwambia aache, kwamba wazee wawili wana mambo mengine. Sikumwambia. Alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kopo lililofungwa kwa kanga. Ndani yake kulikuwa na kiko cheupe, kipya, chenye umbo lile lile hasa. Alikuwa amekichonga zamani, mikono ikiwa mizima, kutoka jiwe zuri kuliko yote aliyowahi kupata. Na kando yake, kifuko cha tumbaku ya mwisho aliyoivisha.

"Jumamosi," alisema.

Tulikwenda kwa bajaji. Alivaa suti ya kwaya. Mzee wa Olasiti alikuwa kwenye kigoda kile kile, na mke wake, bibi mwembamba mwenye shanga, alikuwa anachambua maharage pembeni.

"Shikamoo, Mzee," alisema Fundi.

"Marahaba. Sopa!"

"Epa," Fundi aliitikia salamu hiyo ya Kimaasai.

Mzee alikunja macho. "Wewe ni Fundi. Umezeeka vibaya."

"Na wewe umezeeka muda mrefu."

Bibi alicheka. Mzee alikitoa kiko mdomoni, akakigeuza, akamnyooshea Fundi mrija ukitangulia, sawasawa kabisa, bila kuambiwa. Nililiona hilo na nikajua kwamba mtu huyu alikuwa amefundishwa mara moja tu, zamani, na hakusahau. Fundi alikipokea kwa vidole viwili.

"Ona alama yako," alisema Mzee, kwa fahari. "Ilijitokeza mwaka wa tatu. Watu wakanicheka, eti kiko kina ukurutu. Nikawaambia, nyie hamjui kitu, hiyo ni alama ya Fundi mwenyewe, ameificha ndani ili ionekane kwa mvumilivu. Ukiona kiko hakina hiyo, si cha Fundi. Mpaka leo huku hawabishi."

"Mimi nilimwambia ni jino la mbuzi," alisema bibi.

Sasa nikaelewa yule mteja aliyefukuzwa. Na nitakiri kwamba pale nilipokaa, na daftari langu mapajani, niliomba kimoyomoyo Fundi anyamaze. Alichokuwa amekiogopa miaka yote kilikuwa kimegeuzwa kuwa heshima, na aliyekigeuza ndiye mwenye haki ya kulalamika. Alihitaji kutikisa kichwa tu, tunywe chai, tuondoke.

"Si alama, Mzee," alisema Fundi. "Ni kiraka."

Bibi aliacha maharage.

Fundi alieleza yote, tundu, benchi, yai la jirani. Hakufupisha. Hakusema alikuwa kijana. Mzee alisikiliza akitazama ng'ombe.

"Kwa hiyo umenifanya muongo," alisema hatimaye. "Boma zima. Kwenye kila mbuzi aliyechinjwa nimesimama nikasema ni alama."

"Ndiyo. Nimekufanya muongo."

Fundi alifungua kanga, akamnyooshea kiko cheupe, mrija ukitangulia. Mzee alikipokea, akakipima uzito, akakipitisha shavuni. Alikuwa anajua jiwe zuri.

"Kimoja kama hiki kinaiva kwa miaka mingapi?"

"Ishirini, ukikitunza."

"Mke wangu, nina miaka ishirini?"

"Huna hata ya kumaliza hicho ulichonacho," alisema bibi.

"Umesikia." Alimrudishia Fundi kile cheupe. "Huwezi kunilipa, Fundi. Umechelewa. Na hiyo tumbaku nayo ina kiraka?"

"Hiyo haina."

"Weka."

Fundi alijaza kiko cha zamani kwa mikono iliyotetemeka: mbegu za mchicha, mche wa kahawa, sufuria ya ndizi. Nyingine ilimwagika kwenye suti, hakuijali. Alipitisha kibiriti, tumbaku ikanyanyuka, moto ukafa. Alishindilia. Akawasha tena, akamkabidhi mwenyewe.

Mzee alivuta, akatulia. "Oloirien," alisema. "Kibuyu cha mama yangu." Alivuta mpaka tumbo la kiko lilipofika nusu. Kisha akasema, "Akichinjwa mbuzi mwingine nitasimama niwaambie ni kiraka."

"Waambie," alisema Fundi.

"Na nitawaambia aliyekuja kuniambia ni nani."

"Hilo si lazima."

"Wewe ulishaamua yako. Hiyo ni yangu."

Bibi alituletea chai. Hawakulizungumzia tena. Walizungumza habari za ukame ule wa zamani, na njia ya kwenda kaskazini, na bei ya ng'ombe, wakibishana karibu kila jambo.

Kwenye bajaji, tulipofika lami, Fundi aligusa daftari langu.

"Una mstari mtupu."

"Arobaini na tatu."

"Andika. Kiraka: unga wa jiwe na ute wa yai. Hakiivi. Nilikitia mara moja, Kaloleni, kwenye kiko cha mtu aliyeniamini."

Nilitoa penseli. Aliitazama, kisha akatazama nje, upande wa mlima.

Nikairudisha mfukoni, nikatoa kalamu.